Salio unaliona ila hela haitoki: barua zenu za benki mwezi huu

Mwezi huu barua karibu zote ni za benki, akaunti zimefungwa, majina yameingia CRB (kwenye kumbukumbu za wakopaji), kadi zimemezwa. Nimechagua nne, tatu za Kilimanjaro na moja ya Arusha. Nimezifupisha na majina nimeyatoa, maana Moshi ni ndogo, ukiandika tu "mama wa maparachichi" watu washaanza kumtaja na mtaa anaokaa.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi nanunua maparachichi kwa wakulima Hai na Siha nauzia watu wanaopeleka mbali. Mteja mpya ambaye nilikuwa sijawahi kufanya naye biashara aliniingizia milioni sita na laki nne benki, nikamtumia mzigo. Baada ya hapo nikaenda ATM nitoe za kuwalipa wakulima, inakataa, salio naliona lipo. Tawini binti wa kaunta akaniambia akaunti imeshikiliwa, nikiuliza na nani ananiambia subiri meneja, meneja ananiambia subiri makao makuu. Wakulima wananipigia usiku na mchana. Hivi benki ina haki ya kushika hela yangu bila kuniambia sababu? *Mama wa Kiborloni, Moshi*

JIBU: Pole sana mama, na poleni wakulima. Najua unachotaka kuuliza pale kaunta ni "kwa nini", kila mtu anauliza hivyo, ila kwa uzoefu wangu swali linalofungua milango ni "nani". Nani kaagiza ifungwe? Kwa sababu akaunti ikifungwa na benki yenyewe, benki yenyewe ndo inaifungua, lakini ikifungwa kwa amri iliyotoka nje, hata meneja angekuwa shemeji yako wa damu hawezi kuigusa, na wewe utakaa pale kwenye kiti cha plastiki wiki nzima unamgombeza mtu ambaye mikono yake imefungwa.

Tuanze na benki yenyewe. Huwa inashika akaunti kama taarifa zako zimepitwa na wakati, mfano ulifungua kwa kitambulisho cha mpiga kura zamani na hujawahi kupeleka namba ya NIDA, au mfumo wao umeshtuka. Akaunti iliyozoea laki mbili laki tatu ikiingia milioni sita siku moja kutoka kwa mtu mgeni, lazima ishtue. Au una mkopo palepale umechelewesha marejesho na kwenye mkataba ulisaini kwamba wanaweza kukata kwenye akiba yako (soma ule mkataba mama, ile karatasi ya maandishi madogo ambayo wote tunasaini bila kusoma). Hizi zote zinaisha palepale tawini ukipeleka NIDA, TIN, leseni ya biashara, na karatasi za mzigo: ulinunua kwa nani, kilo ngapi, gari gani lilibeba, uliongea nini na mteja. Zile meseji za WhatsApp usizifute, hata zile za kubembelezana bei.

Sasa amri za nje. Kuna TRA, ambao wakikudai kodi iliyoshafikia muda wa kulipwa na hujalipa, sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inawaruhusu kuiandikia benki yako iwalipe kutoka kwenye akaunti yako. Hilo lililalamikiwa sana nchini mpaka 2021 Rais Samia akawakemea hadharani kuhusu kuchukua pesa za wafanyabiashara kwa nguvu, lakini kukemewa siyo kufutwa, sheria bado ipo. Kama ni wao nenda ofisini kwao uone deni ni la mwaka gani, na ukikubali unadaiwa unaweza kuomba kulipa kidogokidogo, wanakubali zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kama ni makadirio mapya ambayo hukubaliani nayo, pingamizi linawekwa ndani ya siku 30 tangu uyapokee, na lazima ulipe kwanza ile kodi usiyoibishia au theluthi moja ya yaliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa, kwa hiyo usikae na ile barua kwenye droo. Kuna mahakama pia, mtu alikushtaki akashinda akaomba hela zako zikamatwe. Na kuna polisi na TAKUKURU.

Kwa ulivyoeleza, mimi macho yangu yako kwa huyo mteja mpya. Inatokea hivi: tapeli anamwibia mtu Mwanza au Dar, halafu ile hela ya wizi ndo anainunulia mzigo kwako. Aliyeibiwa anakimbilia polisi, polisi wanafuata hela ilikopita, na njia inaishia kwenye akaunti ya mama wa Kiborloni ambaye hajui lolote. Hapo wewe siyo mwizi ila umesimama pale hela ya wizi ilipotua. Kwa hiyo ukirudi tawini uliza vitu viwili. Cha kwanza, imeshikiliwa akaunti nzima au ni zile milioni sita na laki nne tu? Kama ni kile kiasi peke yake, zinazobaki ni zako, omba uruhusiwe kuzitoa. Cha pili, kama ni polisi, ni kituo gani na namba ya jalada ni ngapi. Ukishaipata hiyo namba, nenda na karatasi zako zote ukaandikishe maelezo kama muuzaji, mwenyewe, usisubiri kuitwa, na kama uwezo upo nenda na wakili.

Kuna wakati lakini meneja atakaa kimya na hatakuambia kitu, na siyo jeuri. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha ya 2006 inaitaka benki ikiona muamala wa mashaka itoe taarifa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, na mfanyakazi akikutonya kwamba umeripotiwa anakuwa ametenda kosa yeye. Ndo maana unaona mtu anaangalia kompyuta anameza mate anakuambia "subiri makao makuu". Ila ukimya huo usiwe kichaka cha kila kitu. Amri ya mahakama au notisi ya TRA hamna sababu ya kufichwa wewe uliyeandikiwa.

Ukiona wanakuzungusha, andika barua. Siyo kupiga simu huduma kwa wateja, simu haina ushahidi. Barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili, moja wabaki nayo na ya kwako wagonge mhuri wa kupokea wenye tarehe na asaini aliyepokea. Kanuni za Benki Kuu (BoT) za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019 zinaitaka benki iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko na kukujibu. Wasipojibu au wakikujibu ovyo, ile nakala yenye mhuri unaipeleka Benki Kuu, na huna haja ya kwenda Dar, wana tawi Arusha hapo, unapanda Coaster asubuhi jioni uko nyumbani. Ila BoT haifuti amri ya mahakama wala haikuondolei kesi polisi, hilo ulijue kabla hujalipa nauli.

Mambo mawili usifanye. Usimpe hela "mtu wa ndani" anayesema anaweza kuifungua kimyakimya. Na usiwaambie wateja wakuingizie kwa akaunti ya mdogo wako wakati hujajua ni nani kafunga ya kwako, maana kama ni uchunguzi utakuwa umemvuta na yeye, halafu itaonekana kabisa ulikuwa unakwepa. Wakulima waambie ukweli na uwaonyeshe ile barua yenye mhuri. Watanuna lakini watakuelewa.

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni tour guide, naishi Sakina. 2019 nilikopa milioni tano kwenye taasisi moja, 2020 korona ikaja wageni wote wakakata, nikakaa miezi kama nane silipi, ila nilimaliza deni lote 2022 na risiti ninazo. Saivi nataka mkopo nichukue gari langu mwenyewe, benki wananiambia nina deni chechefu CRB. Kuna jamaa mjini anasema nimpe laki tatu anafuta jina. Halafu kuna app moja nilikopa elfu 80 nikachelewa, nao wananitishia CRB na wamewatumia meseji watu kwenye simu yangu mpaka mama mkwe. Nifanyeje? *Kijana wa Sakina, Arusha*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mkwe naye! Hapo nimekuonea huruma kweli.

Tuanze na laki tatu zako, zibaki mfukoni. Hakuna mtu wa mjini anayefuta jina. Taarifa zako zinapelekwa na waliokukopesha, zinaingia kwenye kanzidata ya BoT, na zinatolewa kwa wakopeshaji kupitia kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni (ndo CRB zenyewe), kama Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Utaratibu umewekwa na kanuni za BoT za 2012. Kampuni hizo hazitungi kitu, zinaonyesha walicholetewa, kwa hiyo jamaa atapokea hela, atakuambia subiri mfumo usome, na utasubiri mpaka namba yake isipatikane.

Na CRB siyo daftari la wabaya kama watu wanavyoongea kijiweni. Mle ndani yupo anayelipa vizuri na yupo anayechelewa, wote. Mkopo ukipita siku 90 bila marejesho unahesabiwa chechefu, na wewe ulipita mbali sana, hilo lilitokea kweli na huwezi kulikana, korona au siyo korona. Lakini kuonekana ulichelewa 2020 ukamaliza 2022 ni kitu kimoja, na kuonekana bado unadaiwa mpaka leo ni uongo. Hapo ndo pa kukomalia.

Omba ripoti yako mwenyewe kutoka kwenye hizo kampuni, una haki ya kuiona, usikubali kusomewa kwa mdomo na afisa mikopo. Ukiipata angalia jina la mkopeshaji, salio wanalosema unadaiwa, na tarehe taarifa ilipoletwa mara ya mwisho. Hiyo tarehe ndo inasema mengi, unakuta ni ya 2021 na baada ya hapo mkopeshaji hajaleta kitu tena, ulilipa wao wakasahau, au taasisi ilibadilisha mfumo, au afisa aliyekushughulikia alishaacha kazi. Angalia pia kama kuna mkopo usioujua, hasa kama uliwahi kumdhamini mtu au mlikopa kikundi, watu wengi wanashangaa kukuta deni la shemeji limekaa kwao.

Baada ya hapo nenda kwa aliyekukopesha 2019 na risiti zako, udai barua ya kumaliza deni, na kwa maandishi uwaambie warekebishe taarifa walizopeleka. Nakala ya malalamiko wapelekee na kampuni iliyotoa ripoti, nao wanatakiwa walishughulikie. Benki unayotaka kukopa wape ile barua ya kumaliza deni wakati unasubiri. Afisa mikopo mwenye akili atakuelewa, Arusha nzima wanajua 2020 guide gani alikuwa analipa? Magari yalikuwa yamepaki tu yanaota vumbi.

Kuhusu app. Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya majukwaa na app 69 za kukopesha mtandaoni zisizo na leseni, itafute hiyo orodha uone kama na yako imo. Deni uliokopa ni deni, elfu 80 irudishe upate amani. Lakini kuwatumia watu wengine meseji kuhusu deni lako siyo ukusanyaji wa madeni, ni kukudhalilisha, na tangu 2023 tuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea mambo kama haya. Piga picha hizo meseji, ikiwemo ya mama mkwe, kama utaweza kumuomba.

SWALI: Mwanangu, hujambo. Kijana wangu anasoma Marekani, Texas. Amenipigia analia kwamba hakuna benki inayokubali kumfungulia akaunti, wanamwambia jina lake liko kwenye kitu kinaitwa ChexSystems. Anaapa hajawahi kukopa popote. Anaomba nimtumie hela kwa akaunti ya rafiki yake. Je ni kweli kuna kitu kama hicho au dogo ananizunguka? *Bibi wa Shanty Town, Moshi*

JIBU: Shikamoo mama. Kitu hicho kipo, hapo hajakudanganya, na anaweza kweli kuwa hajakopa hata senti. Marekani kuna ripoti za mikopo, zile za Equifax, Experian na TransUnion, halafu pembeni kuna ripoti nyingine kabisa ya jinsi mtu alivyotumia akaunti zake za benki. ChexSystems ndo wanaotunza hiyo ya pili. Akaunti ikifungwa na benki huku ina deni, yaani imeenda hasi na mwenyewe hakurudisha, au ikihusishwa na udanganyifu, benki inaripoti kule, na benki nyingine zinachungulia kabla ya kumfungulia mtu. Kumbukumbu hizo kwa kawaida zinakaa miaka mitano.

Sasa muulize taratibu, bila kumtisha: kuna mtu aliwahi kumuomba amdepositie cheki kwenye akaunti yake halafu atoe hela ampe, abaki na kidogo? Nauliza hivyo kwa sababu ni mtego wa wanafunzi na wageni kule kila siku. Sheria yao inazitaka benki ziachie hela ya cheki haraka, kwa hiyo kijana anaona dola zimeingia, anatoa anampa "rafiki", siku kadhaa baadaye cheki inarudi kwamba ni feki, benki inaichukua hela yake yote na akaunti inabaki hasi dola elfu na kitu. Rafiki hapatikani. Na kama siyo cheki, inaweza kuwa makato ya kuzidisha salio yaliyolimbikizana akaacha akaunti akadhani imejifia yenyewe.

Afanye hivi. Benki ikimkataa kwa sababu ya ripoti lazima impe notisi inayosema ripoti ilitoka wapi, na anaweza kuiomba bure ndani ya siku 60, na hata bila kukataliwa ana haki ya nakala ya bure kila baada ya miezi 12, ni sheria yao ya tangu 1970. Akikuta kosa apinge kwa maandishi, kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Akikuta deni ni la kweli, aongee na ile benki ya kwanza, walipane, na aombe wapeleke taarifa kwamba limelipwa. Kumbukumbu yenyewe inaweza kubaki, ila "alidaiwa akalipa" inamfungulia milango ambayo "anadaiwa" inaifunga. Wakati huo aulizie akaunti za watu wanaoanza upya, benki nyingi na vyama vya akiba kule wanazo, na kuna mpango unaitwa Bank On wenye akaunti nafuu ambazo haziruhusu salio kwenda hasi.

Hela kwa akaunti ya rafiki hapana mama. Siyo kwamba namsingizia huyo rafiki, simjui, lakini kama ni yule wa cheki utakuwa unamlipa aliyemwibia mwanao. Kama ni ada, mwambie akuletee maelekezo ya chuo uwalipe chuo moja kwa moja.

SWALI: Dada, baba yetu amefariki, tuko Marangu. Kaka anajua namba ya siri ya kadi ya mzee na ameshatoa laki tano za msiba, anasema tuendelee kutoa kidogokidogo kabla benki haijajua. Kuna na kitabu cha zamani cha akaunti nyingine ambayo mzee hakuigusa miaka mingi. *Binti wa mwisho, Marangu*

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Mwambie kaka kadi aiweke chini leo. Mtu akifariki mamlaka ya kadi yake yanaisha, na kila anachotoa sasa kinabaki kwenye taarifa ya akaunti kikiwa na saa na mashine, na atakayekuja kukisoma siyo benki peke yake, ni ninyi wenyewe wadogo na yule mama mwingine kama yupo. Hizo laki tano aandike zimetumika nini, na risiti za jeneza na chakula azitunze, atazieleza kwenye hesabu.

Benki mkiipelekea cheti cha kifo itaifunga akaunti, na huku kufungwa kunawalinda. Chukueni cheti cha kifo, fanyeni kikao cha ukoo mchague msimamizi, muhtasari uandikwe vizuri na wote waliohudhuria wasaini (mbege inywewe kikao kikiisha, siyo kabla), halafu mkafungue shauri la mirathi. Wengi huku wanaanzia Mahakama ya Mwanzo, karani atawaambia kama shauri lenu linafaa pale au liende Wilaya. Litatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, msimamizi akiteuliwa anapewa fomu namba 4, na hiyo ndo benki inaisubiri. Baada ya hapo ana miezi minne ya kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu za alivyogawa, fomu namba 5 na 6, na hapa ndo wasimamizi wengi wanalala usingizi mpaka ndugu wanaanza kushtakiana.

Kile kitabu cha zamani msikitupe. Akaunti iliyolala haimaanishi hela imepotea, ila hakuna atakayewaambia salio kabla ya fomu namba 4, kwa hiyo iandikeni kwenye orodha ya mali tangu mwanzo, jina la benki, tawi na namba ya akaunti kama ilivyo kwenye jalada la kitabu. Kama benki ilishabadilisha jina au kuunganishwa na nyingine, kaulizeni kwa ile iliyoirithi.